Mvua Iliyonyesha Chumbani Kwangu Jua Likiwaka

Athumani, leo nimevuliwa nguo na shati ningali nimelivaa.

Nakuandikia jioni hii hii, shingo inaniwasha na vidole vinaniwasha, kabla habari haijakufikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Maana itakufikia. Watu wetu hapa Kingsbury hawana dogo. Ukipiga chafya Jumapili, kabla ya Ijumaa Mombasa nzima imeshakuombea dua.

Kwanza nikukumbushe mimi ni nani. (Unajua. Lakini wacha niseme, leo nahitaji kujisikia.) Mimi ni Gulamu Bati. Nusu ya mabati ya Makupa nimeyapigilia kwa mkono huu. Shule niliiacha kabla haijaniacha yenyewe, nyundo ndiyo iliyonifundisha hesabu, na sijawahi kuitwa na mtu kwamba paa langu linavuja. Hata mara moja. Nilikuwa na karakana, nilikuwa na lori lenye jina langu ubavuni, nilikuwa na wewe juu ya ngazi ukiimba nyimbo mbaya. Kisha leseni ya biashara ikakataliwa kwa kuwa mimi si raia, pasipoti ya Mwingereza ikatolewa kabatini, na huyo, London.

Hapa London nashika ufagio. Kiwandani, Hayes. Msimamizi wangu ni kijana ambaye ndevu zake bado zinafikiria, na ananiita kwa jina analolijua yeye, kwa sababu Gulamu linamchosha ulimi. Akinyoosha kidole, nafagia pale. Mimi! Mtu niliyekuwa nikinyoosha kidole mimi!

Sasa elewa kwa nini jambo la leo limeniuma.

Jumuiya yetu imenunua jumba kuukuu la kufanyia harusi na matanga. Kuta ni nzuri, sakafu ni nzuri, lakini paa linapitisha baridi mpaka wazee wanasali na makoti. Kamati ikawa inatafuta fundi wa kulivisha paa lile kwa ndani. Atakayepewa kazi ile ndiye atakuwa fundi wa jumuiya. Kila nyumba yetu ya mitaa hii itamwita yeye. Ufagio atautupa. Hicho tu ndicho nilichokitaka, Athumani. Sikutaka kurudishiwa lori. Nilitaka mtu aniite fundi tena, mbele za watu.

Tulikuwa wawili tuliotajwa. Mimi, na Fidahusein.

Fidahusein ni wa Kisumu. Alikuwa akiuza vitambaa. Akisimama juu ya kigoda anashika ukuta. Lakini ana koti jeusi, ana Kiingereza cha kutosha, na amejichapishia kadi inayosema yeye ni kontrakta. Mwenyekiti wetu, Jafarbhai, ni mtu wa haki. Alisema tusibishane, kila mmoja aonyeshe alichokwisha kufanya, kamati itaangalia. Fidahusein akajibu kwamba yeye hana cha kuonyesha bado, ila akipewa atakwenda kuwauliza wanaojua. Watu wakacheka. Mimi nikasimama. Nikasema cha kwangu kiko tayari, kiko juu ya kichwa changu, njooni Jumapili mle biriani chini yake. Na Fidahusein anayeogopa hata kigoda aje pia, nikasema, ajifunze.

(Ndiyo. Nilimwalika mwenyewe. Kwa mdomo wangu.)

Nikueleze paa lenyewe. Nyumba za hapa zina paa la mteremko mkali, vigae juu, na chini ya vigae kuna nafasi kubwa. Wazungu wameiachia upepo na masanduku ya marehemu. Mimi nikaiona nikasema, hiki ni chumba. Ila paa la huku halipigani na jua kama letu, linapigana na baridi. Kwa hiyo unachukua pamba ya kioo, kitu kama sufi ila inauma, unaijaza katikati ya mbao za mteremko, chini ya vigae, kisha unapigilia bodi za dari chini yake. Chumba kilicho chini kinabaki na joto kama kwapa la kuku.

Na kuna plastiki. Hapa ndipo pa kusikiliza.

Nilikwenda duka la mbao na mke wangu Shirini, kwa sababu yeye Kiingereza kimemwingia haraka, anauza sambusa kwa kila mtu. Mwenye duka ni mzee wa Kizungu mwenye koti la kahawia na penseli sikioni. Akatuambia plastiki inakwenda upande wa chumbani, nyuma tu ya bodi. Na kule juu, kati ya pamba na vigae, niache nafasi upepo upite. Shirini akanitafsiria. Nikacheka mpaka nikashika mbao. Nikamwambia Shirini, muulize huyu mzee, ni nchi gani ambayo mvua inatoka ndani ya nyumba? Shirini akatafsiri kitu kifupi zaidi, nadhani, kwa sababu mzee hakukasirika. Akatufungia misumari yetu akatuaga.

Nikafanya Kimombasa. Plastiki nikaipeleka juu kabisa, chini ya vigae, imkabili adui. Pamba nikaishindilia mpaka kidole hakipiti. Pembeni, pale paa linapokutana na ukuta, kuna matundu upepo unapiga mluzi. Nikayaziba na blanketi kuukuu. Dirisha nikalizungushia magazeti. Kisha nikapigilia bodi. Nakwambia Athumani, pepo mwenyewe angetaka kuingia angeomba ufunguo.

Na kilikuwa na joto! Hilo mtu asininyang'anye. Januari yote nje maji yaliganda ndooni, sisi juu tulikaa kwa fulana. Hita ya mafuta ya taa iliwaka tangu alfajiri. Shirini akaanza kuanika nguo zote kule, maana nje zinakauka zikiwa mbao. Chini jikoni viazi vya sambusa vinatokota kutwa, na dirisha la jikoni halifunguliwi tangu yule mama wa jirani alipokuja kulalamika juu ya harufu ya vitunguu. Kwa hiyo mvuke wote ukawa unapanda ngazi kama mgeni aliyeambiwa kuna chakula. Unaingia chumbani kwangu, unatulia. Nilipenda. Nilisema kimefanana na kwetu.

Kioo cha dirisha kilikuwa kinalia kila asubuhi. Shirini alikuwa akikipangusa kwa kitambaa na kukikamua kwenye beseni. Akaniuliza maji haya yanatoka wapi. Nikasema ni Uingereza, kila kitu kinalia. Kisha dari likapata doa. Kisha doa likapata watoto weusi. Kisha, adhuhuri, jua likijitokeza kidogo, ukawa unasikia juu ya bodi, ti, ti, ti.

Nikasema ni panya.

Shirini akaniuliza ni panya gani anayetembea mahali pamoja.

Nikasema panya wa Kizungu. Wana utaratibu.

Jana nikapanda juu na kopo la rangi ya mafuta, ile inayong'aa, nikalipaka lile doa mpaka likasahaulika. Nikarudia tena. Dari likawa linawaka kama gari jipya. Shirini amesimama mlangoni na mikono kiunoni, akaniuliza kama nimejua doa limetoka wapi. Nikamwambia fundi halisi haliulizi doa ukoo wake. Akashuka bila kusema neno. (Mwanamke wangu akishuka ngazi bila kusema neno, mtu mwenye akili angemfuata.)

Basi, leo.

Jumapili, baridi kavu, mbingu ya buluu tupu, na jua! Jua lenyewe, Athumani, tulikuwa hatujaliona kwa majuma. Lilipiga vigae tangu asubuhi. Nilifurahi kama mjinga. Nilisema hata jua limekuja kuona kazi ya Gulamu.

Wageni wakafika mchana. Jafarbhai na kofia yake ya manyoya. Fidahusein na koti lake. Na Maa Sakina, mama yake Jafarbhai. Huyu lazima nikueleze. Ni bibi wa Unguja, kazaliwa huko, kaolewa huko, na hajawahi kuisamehe nchi yoyote nyingine kwa kutokuwa Unguja. Siku zote anazungumza nasi Kikachi, Kihindi chetu cha nyumbani. Lakini akitaka kusema jambo la kweli kabisa anaingia Kiswahili, na watu wote hukaa vizuri. Kamati inajifanya inaamua. Anayeamua ni yeye.

Tukampandisha ngazi taratibu. Nilikuwa nimetandika magodoro na mito. Jafarbhai nikampa mahali pa heshima, karibu na hita, pale mteremko unaposhuka, chini hasa ya rangi yangu mpya. Nilitaka akiinua macho aone inavyong'aa. Mlango nikaufunga. Hita nikaizidisha. Na stovu ilikuwa palepale chumbani, birika la chai linatokota, kwa sababu Maa Sakina hanywi chai iliyopanda ngazi. Lazima aione ikichemka, la sivyo si chai. Shirini akaleta sinia la biriani, akafunua. Mvuke ukapanda ukatufunika nyuso.

Jafarbhai akavua kofia. Akavua koti. Halafu, Athumani, akavua sweta. London, majira haya, Mwenyekiti anavua sweta kwa hiari yake! Niliangalia lile sweta likipita kichwani mwake nikasema moyoni, kazi ni yangu. Alisema hajapata joto kama hili tangu ashuke kwenye ndege. Fidahusein naye alikuwa anajifuta uso. Nikaona ni wakati wa kumaliza.

Nikawahadithia ya mzee wa duka la mbao.

Niliihadithia vizuri, nisikufiche. Nikasimama, nikaweka kijiko sikioni kama penseli, nikaigiza sauti yake. "Plastiki ndani, bwana! Ndani!" Nikawauliza, wenzangu, mnavaa koti la mvua chini ya fulana? Jafarbhai alicheka mpaka akapaliwa na wali. Hata Shirini alitabasamu, kwa adabu. Fidahusein alicheka pia, ila akauliza, polepole, mzee yule alikuwa na sababu gani ya kusema vile.

Nikamjibu, "Anauza plastiki, ndugu yangu. Paa halijui."

Watu wakacheka tena. Ndicho kicheko cha mwisho nilichokipata leo kwa faida yangu.

Tone la kwanza lilimwangukia Jafarbhai utosini, kwenye upara. Akapangusa, akaangalia kiganja, akadhani ni jasho lake. Akaomba radhi! Akasema joto hili limemzidi. Nikamwambia ndiyo kazi hiyo, Mwenyekiti.

La pili likaingia kwenye kikombe chake cha chai. Hilo alilisikia.

La tatu likatua kwenye wali wa Maa Sakina. Yeye hakupangusa, hakuomba radhi. Aliweka mkono pajani, akainua uso, akaangalia juu muda mrefu kama mtu anayetafuta mwezi. Halafu akaacha Kikachi.

"Gulamu mwanangu," akasema, "dari lako lina mimba."

Tukaangalia wote.

Rangi yangu ilikuwa imevimba. Ngozi ile ya mafuta ilikuwa imeshikilia kitu nyuma yake, na bodi imeshuka nacho, duara, nene, inang'aa, imening'inia juu ya Mwenyekiti. Na ukiiangalia unaiona inakua. Ti, ti, ti, na panya wangu wamekuwa wengi.

"Ni bodi mpya, Maa," nikasema. "Bodi mpya huvimba kidogo."

"Hii ni ya miezi tisa."

Shirini akaweka upawa chini. Akaanza kulivuta sinia la biriani taratibu kuelekea mlangoni, bila kumtazama mtu. (Alijua. Na akaamua kuokoa wali.)

Jafarbhai akauliza kama nje mvua inanyesha. Fidahusein akaenda dirishani, magazeti yangu yakaanguka, akafungua. Baridi ikaingia na mwanga ukaingia. Vigae vya jirani vikavu. Mbingu safi. Yule mama wa harufu ya vitunguu amesimama uani kwake anaota jua. Fidahusein akageuka akasema hakuna mvua. Hakunicheka. Alisema tu, kama anayetoa habari ya basi. Hilo ndilo lililonichoma.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipojizika kwa koleo langu. Jafarbhai ni mtu mwema. Akasema kwa upole, basi itakuwa kigae kimevunjika. Alikuwa ananifungulia mlango, Athumani! Kigae kimevunjika! Nani hajavunjikiwa na kigae? Ningesema ndiyo, Mwenyekiti, ni kigae, kesho nakibadilisha, saa hii ningekuwa fundi wa jumuiya na barua hii ingekuwa ya maringo.

Lakini paa la Gulamu Bati? Livuje?

"Hata tone haliwezi kupita vigae vyangu," nikasema. "Nimeweka plastiki."

"Sasa maji haya yametoka wapi?"

"Maji gani?"

Nilisema hivyo. Yanadondoka kati yangu na yeye, nayaona, naye anayaona, na nikasema maji gani. Kisha nikatoa bisibisi mfukoni, maana fundi hatembei bila bisibisi hata siku ya wageni. Nikasema nitawaonyesha ndani ni pakavu kama unga.

"Mume wangu," akasema Shirini kutoka mlangoni, "usitoboe."

Nikatoboa.

Halikuvuja. Kuvuja ni kitu kidogo. Lilijifungua. Kwanza maji, baridi kama chuma, yote kwa pamoja. Kisha vipande vya barafu, vyembamba kama kioo cha saa. Kisha bodi yenyewe ikakatika. Kisha ile pamba niliyoishindilia mpaka kidole hakipiti, imelowa, nzito kama kondoo aliyeanguka kisimani, ikamshukia Jafarbhai kichwani na mabegani. Stovu ikazima kwa sauti ya paka. Hita ikatoa moshi. Birika likaelea.

Moshi ulipotawanyika, tukaonana.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu amekaa palepale kwenye godoro, na pamba nyeupe imemfunika kichwa, imeshuka masikioni pande zote mbili, kama jaji wa Kiingereza. Na jaji akanitazama.

Nikainua macho ili nisimtazame. Afadhali ningemtazama yeye. Tundu lilikuwa kubwa, na kule juu plastiki yangu inaonekana. Nzima! Imekaza, haina hata mchubuko, nimeipiga misumari ikanyooka kama shuka la arusi. Mwanga wa jua unapenya kwenye mianya ya vigae, unaing'arisha, na upande wa juu ni mkavu kabisa. Matone yote yalikuwa upande wetu. Yamejipanga kwa chini, manono, yanasubiri zamu. Hata muuza vitambaa wa Kisumu angeelewa, na alielewa. Mvua haikutoka nje. Ni sisi. Ni pumzi zetu na chai yetu, ni shuka za Shirini na viazi vyake. Kila mvuke uliopanda ngazi ulipita kwenye bodi, ukapita kwenye pamba, ukafika kwenye plastiki yangu, ukakuta mlango umefungwa na upepo wa kuufukuza sikuuachia njia. Ukaganda pale Januari nzima. Leo jua likaja kuona kazi ya Gulamu, barafu ikayeyuka.

Maa Sakina alikuwa kakaa pembeni, kapona, kalowa miguu tu. Alikunja ncha ya dupata, mtandio wake, akaikamua kwenye kikombe.

"Umeifunika nyumba kama sufuria ya wali, mwanangu," akasema. "Mfuniko wako mzuri. Haukuvuja. Ila sisi ndio wali."

Hakuna aliyemtaja mzee wa duka la mbao. Hakuna! Lakini nilikiona kile kijiko changu kimelala kwenye maji, na nikaona kila mtu anakiona.

Na haikuishia hapo, kwa sababu pamba ya kioo haina adabu. Ikaanza kumla Jafarbhai shingo. Akajikuna kidogo kwa heshima, kisha akajikuna kwa mikono miwili. Akavua shati, mbele ya mama yake, mbele ya mke wangu. Shirini akakimbia akaleta kanzu yangu ya Idi. Jafarbhai ni mnene, mimi ni mwembamba. Ilimfika magotini na ikagoma kushuka. Akashuka ngazi hivyo, kanzu imembana, nywele za kioo masikioni, anajikuna, na mimi nyuma yake nimebeba sweta lake lililolowa kama nimebeba maiti.

Mlangoni akasimama. Nilidhani atanitukana, nikajiandaa, matusi nayaweza. Hakunitukana. Akasema kazi ya jumba ataifanya Fidahusein. Akanishika bega akasema, kwa Kikachi chake cha taratibu, kwamba jumba lile litakaa wazee, na wazee hawawezi kukimbia. Maa Sakina akaniombea dua ya kazi njema, naye alimaanisha, na wakaingia kwenye gari, Jafarbhai amekaa upande upande.

Fidahusein akabaki. Alikuwa anavaa viatu vyake, polepole, kamba moja kwa muda mrefu. Nikangoja anicheke ili nipate sababu ya kumpiga.

"Gulamubhai," akasema, "mimi ngazi naiogopa. Hilo unalijua, umelisema mbele ya kamati nzima."

Nikaangalia kamba za viatu vyake.

"Nitamuuliza yule mzee wa duka, nitasikiliza, nitaandika anavyosema. Lakini lazima kuwe na mtu juu. Njoo tufanye."

Nikamuuliza yeye atakuwa nani katika kufanya huko. Akasema kontrakta.

"Na mimi?"

"Wewe fundi. Nani mwingine?"

Neno lenyewe hilo, Athumani. Nimelisubiri tangu nishuke uwanja wa ndege. Nimelifanyia biriani, nimelipakia rangi, nimelizibia kila tundu la nyumba hii. Na limetoka kwa muuza vitambaa, amechuchumaa mlangoni kwangu anafunga kamba za viatu, soksi zinatoa maji. Nilitaka kumrudishia usoni. Nikafikiria asubuhi ya kesho, Hayes, kidole cha yule kijana, na jina lile ambalo si langu.

Nikasema sawa.

Akainuka. Akanipa mkono. Akafika langoni, akageuka, akasema tu ili tuelewane mapema, plastiki itakwenda ndani.

Nikasema sawa tena.

Shirini sasa yuko jikoni anakamua magodoro. Dirisha la jikoni amelifungua wazi, na jirani alalamike akitaka. Nimemsikia anacheka peke yake, cheko la tumboni, la kuangusha vyombo. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Mombasa, na nimeshindwa kumkataza.

Barua hii najua utaisomea karakana nzima, huna siri wewe. Basi wasomee, na wacheke, ila wacheke huko huko. Na mtu wa nje akikuuliza habari zangu, mwambie Gulamu Bati amepewa kupanda paa la jumba kubwa London. Ni kweli tupu, huna dhambi. Atakayesimama chini ya ngazi akininyooshea kidole, huyo usimtaje.